Kamba ya Mboloko

Muheto, tarehe 20 Februari 2022

Kwa kaka Isidore, mutoto wangu mwenye mvi,

Amani ya Bwana ikukute na mikono safi, maana kwa hii kazi yetu kila kitu inaanzia ku mikono.

Ulifika Mubi muzima? Mimi motard aliniangusha na pikipiki yake mara mbili njiani, na mara ya pili ilikuwa pale pale pembeni ya kiwanja, vijana wa ekipe yangu ya mupira wote wakiangalia. Wakapiga kelele: "Soigneur! Muite soigneur!" Nikawajibu, soigneur njo huyu mwenye iko mu matope. Wamenicheka mpaka leo.

Sasa tuanze vile Papa Damascène alituagiza. Ni mufundishaji mwenye hasemi neno mara mbili: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili amuchunge mumoja wa mwaka wa kwanza, kama marraine, mama wa ubatizo, na mutoto wake, mpaka ajue kazi ya soigneur, kutunza wachezaji wenye kuumia. Mimi nikapewa wewe. Siku tuliachana, Nadine wa darasa letu aliniambia, "Mama Béata, wengine wanazaa mapacha, wewe umezaa muzee." Wewe uko na miaka hamsini, mimi arubaini na tano, haizuru. Kwa shule aliyetangulia kuingia darasani njo mukubwa.

Anataka tuandikiane barua, hapana simu. Anasema mwenye hawezi kueleza kwa maandiko kile aliona ku muguu wa muntu, hakukiona. Kwetu inafaa, maana antene iliungua tangu Noeli na simu yangu sasa ni ya kumulika choo.

Basi shika hii ya kwanza. Muchezaji akiteguka kifundo cha muguu, usimunyooshe kwa nguvu kama wanavyofanyaga wazee wetu. Maji ya baridi. Kwa matajiri barafu, kwetu ni maji ya mutoni. Muguu uingie, utoke, upumue, urudi. Kisha bande ya kitambaa, uanzie karibu na vidole ukipanda juu, bila kukaza. Kisha alale, muguu ukae juu ya gunia ya maharagi. Akikuambia siri ya mwili wake, isitoke kwako iende kwa antrenere mwenye anafundisha ekipe, wala kwa muke wako.

Lakini mimi uniambie kila kitu. Marraine ni sikio, kaka. Usione haya kwa sababu ni mwanamuke na ni mudogo wako.

Ninakutaja kila jioni mu sala ya shirika letu.

Marraine wako,
Béata


Mubi, 6 Machi 2022

Dada Marraine,

Barua yako ilifika na chauffeur wa lori ya mafuta, inanuka mafuta yenyewe. Nimeisoma mbele ya muke wangu. Akasema, "Huyu mama anakuongoza vizuri kuliko mimi." Nikamwambia, huyu hanipikishe maji, ananipikisha akili.

Ekipe yetu unaijua kwa jina tu, wacha nikuonyeshe. Kiwanja chetu kiko nyuma ya mahali malori yanalala. Mupira ukitoka inje unaingia chini ya lori, na chauffeur mwenye amelala kule chini anaamka na matusi. Tuko na wachezaji wazuri wawili, wengine ni wa kujaza hesabu. Ule muzuri kabisa ni Élie, mutoto wa dada yangu Rosalie. Muguu wake wa kushoto, dada! Ukiuona utasema Mungu aliutengeneza siku ya Jumamosi, akiwa hana haraka. Kwa tournoi, mashindano ya Juni, muntu wa ekipe moja ya Goma anakuja kumuangalia. Akimupenda, anamuchukua. Rosalie ameanza kufua nguo zake kabla ya wakati, utasema anaondoka kesho.

Unajua sisi ni watu wa pori. Baba yangu alikuwa muwindaji, mimi pia ninawinda, niko na mbwa watatu. Sasa swali langu, na usikasirike. Muchezaji akiwa na kitu amefungiwa ku muguu na watu wa kwao, kitu ya ukoo, ya kumulinda, soigneur anafanyaje? Anaacha? Anaondoa? Hapa kuna muntu moja iko nayo. Haitolewe mpaka msimu wa mupira uishe, na si kila mukono unaweza kuitoa.

Ninauliza tu. Hata wewe nilikuona na rozari ku mukono siku ulinifundisha bande. Sisi Waprotestanti tunasemaga ile nayo ni kamba.

Ni mimi mutoto wako muzee,
Isidore


Muheto, tarehe 21 Machi 2022

Kaka Isidore,

Nilicheka habari ya chauffeur chini ya lori, nikacheka tena kwa muguu wa Jumamosi. Mwisho wa barua kicheko kikaisha.

Rozari si kamba, kaka. Tuelewane hapo. Rozari ni sala yenye kushikwa.

Wacha nikufungulie moyo. Nilikuwa na ndugu yangu mudogo, Tuyishime. Alishikwa na homa akiwa na miaka tisa. Kwetu tulikuwa Wakristo wa Jumapili, na siku zingine tulikuwa kitu kingine. Walimufunga vitu ku shingo, ku kiuno, ku mikono, wakangojea. Walingojea mpaka hakukuwa tena na muntu wa kungojewa. Mimi njo nilimubebaga ku mugongo. Tangu siku ile nikiona uzi wa namna ile ku mwili wa mutoto wa muntu, damu yangu inapanda.

Kwa hiyo mambo ya hirizi usiniandikie tena. Sitaki kuisoma, inanirudisha mahali sipendi kurudi. Muchezaji mwenye iko nayo umuambie achague: kamba ao Yesu. Soigneur Mukristo hana jibu lingine. Mengine yote niandikie, hata ya tumbo, hata ya aibu.

Umesema ule Élie ni mwana wa dada yako. Chunga hapo. Papa Damascène anasemaga muntu wa nyumba yako akiumia, ita mwenzako aangalie pia, maana macho ya ndugu yanaona kile yanatamani kuona.

Masika imetuvamia. Maharagi yameoza ku mashina. Utuombee.

Béata


Mubi, 14 Mei 2022

Dada Marraine,

Samahani kwa kukaa kimya.

Juzi Alhamisi, mu mazoezi, Élie alikanyaga shimo akateguka kifundo, muguu ule ule wa kushoto. Nilikuwa pale. Kikavimba mbele ya macho yangu kama mukate ku tanuru. Sikukimbiakimbia. Sikumunyoosha. Nilikumbuka barua yako neno kwa neno. Tukamubeba mpaka mutoni, muguu ukaingia, ukatoka, ukapumua, ukarudi, mpaka jua likashuka. Kisha nikamufunga bande kuanzia vidole kupanda juu. Kisha gunia, lakini ya muhogo, maharagi hatuna. Vijana walikuwa wanaangalia. Mumoja akasema, "Papa Isidore amekuwa docteur." Nilijisikia muntu, dada.

Yeye anasema leo kunamuuma kupita jana. Ni kijana, maumivu kwake ni kitu kipya. Rosalie anataka tumupeleke ku centre de santé, zahanati yetu, lakini infirmier, muuguzi wa pale, ni muntu wa mukasi, anakataga kila kitu bila kuuliza. Nimemuambia tungoje kwanza jibu lako.

Tournoi ni tarehe 4 Juni. Bande ikae siku ngapi? Nikirudisha muguu ku maji kila siku, atapona haraka?

Ile nyingine uliniambia nisiandike, siandiki.

Isidore


Muheto, tarehe 24 Mei 2022

Kaka yangu Isidore,

Jana jioni njo nimepata barua yako. Daraja ilikatika na malori yalilala njiani. Leo asubuhi ninakujibu mbele hata ya kwenda shambani, na motard anangoja ku mulango akipiga honi.

Kwanza nilifurahi, ninasema kweli. Nilimusomea Epiphanie, jirani yangu, ile sehemu ya mutoni, nikamuambia, ona, mutoto wangu anafanya kazi kama muntu wa diploma. Kisha nikarudilia kusoma peke yangu, na furaha ikatoka.

Maumivu ya kuteguka inapungua siku ya pili, haizidi. Ikizidi, kuna kitu. Fungua bande sasa hivi, usimalize kusoma. Angalia vidole. Bonyeza ukucha: ukiwa mweupe halafu ukarudia wekundu, mushukuru Mungu. Usiporudia, ao vidole vikiwa baridi, ao vyeusi, mubebe mpaka ku centre de santé, na infirmier akate kile anataka kukata.

Na kitu gani nilikuambia usiandike? Nimesoma mustari ule wa mwisho nikiwa nimesimama, nimeukalia, nimeulalia. Kaka, ule "muntu moja iko nayo" wa mwezi wa tatu ni nani?

Niandikie. Nilikosea kusema vile. Niandikie hata ile.

Béata


Mubi, tarehe 2 Juni 2022

Kwa Mama Béata wa Muheto,

Hatujuane. Mimi ni Rosalie, dada ya Isidore, mama ya Élie. Barua yako ya mwisho ilifika, ndugu yangu hayuko, nikaifungua mimi. Unisamehe. Kisha nitaona kama na mimi nitakusamehe, maana bado sijajua.

Ninakuandikia kutoka hospitali. Wamemutoa mutoto wangu vidole viwili vya muguu wa kushoto, kale kadogo na jirani yake. Docteur anasema muguu wenyewe utabakia. Tunamushukuru Mungu kwa muguu. Kwa vidole bado ninaongea naye.

Sasa nikuambie kile Isidore hakukuambia. Mu ukoo wetu mujomba njo anamufunga mutoto wa dada yake kamba ku kifundo cha muguu, mbele ya kwenda pori, ili pori limurudishe. Ni kamba ya ngozi ya mboloko, ule swala mudogo. Mujomba amefunga, mujomba njo anafungua, siku kijana amerudi. Akifungua mbele siku ile haijafika, wanasema amemuachilia mutoto mwenyewe apotee. Siku hizi vijana hawaendi tena pori, wanaenda kiwanja. Basi wanafungiwa kwa msimu wa mupira. Ule mwenye alikuwa na kamba ni Élie. Na mwenye alifunga ni Isidore, kwa mikono yake, nyumbani kwangu, na mimi nilipika kuku.

Alipovimba, kamba ilikuwa chini ya soksi. Isidore aliiona. Akapitisha bande juu yake. Na ile ngozi, mama, ikilowa inalegea, ikikauka inauma kama jino. Alikuwa anamuingiza mutoni, anamutoa, inakauka. Anamuingiza tena kesho yake. Nilipomuambia Élie analia, alinijibu, "Marraine ameandika maji ya baridi."

Jumatano ya juma lililofuata sikuvumilia. Nilifungua bande nikaona vidole vina rangi ya mbilingani. Nilichukua kisu cha kukatia majani ya sombe, nikakata. Mimi mwanamuke, kitu chenye mwanamuke hakatake. Isidore alikuwa ku mulango. Hakunizuia. Alishika kichwa tu.

Alitubeba mpaka hospitali ku pikipiki. Siku ya kutoa vidole aliingia pori na mbwa zake, sijamuona tena.

Mama, ulimufundisha nini ndugu yangu? Ninauliza kabisa. Ndugu yangu si mujinga wala si mubaya. Alikuwa anaweka barua zako ndani ya Biblia.

Rosalie


Muheto, tarehe 15 Juni 2022

Isidore, kaka yangu,

Sijui kama utaisoma hii. Ninaituma kwa mukono wa Rosalie, labda pori litakuchoka likurudishe.

Leo sina fundisho. Nilikaa na barua ya dada yako ku magoti, nikachukua rozari, vidole vyangu vikasimama ku shanga ya kwanza, havikuendelea. Uliniuliza mwezi wa tatu. Uliniuliza kwa heshima, ukafanya na muchezo kidogo ili nisiogope. Nilikuambia marraine ni sikio, na sikio likaziba neno la kwanza lenye uzito. Ungenieleza ni ngozi, ningekuambia ngozi na maji haviendi pamoja. Hata mama mwenye hana shule anajua hilo. Lakini nilikukataza kunieleza.

Mu Agosti tunakutana Masisi kwa mafunzo. Unajua desturi ya Papa Damascène: mwenye alikosea anasimama anasema mbele ya wote, na marraine wake anasimama pembeni. Ninakuomba uje. Nitasimama. Nitasema na yangu.

Na usikimbie mutoto. Muguu wake umekatwa kidogo, usimukatie tena na mujomba.

Béata


Mubi, 20 Julai 2022

Dada Marraine,

Nilitoka pori. Nilikuwa ninaua kitu hata cha kula sina hamu nacho, nikaona hii si kuwinda.

Wacha nieleze, maana uliniagiza kueleza njo kazi. Siku ile ku kiwanja nilikuwa na mikono miwili. Moja ya soigneur, ilitaka kukata. Moja ya mujomba, ilisema ukikata leo, tournoi imebakia wiki tatu, umemuachilia mutoto wa dada yako wewe mwenyewe. Nikafikiri bande itafunika yote mbili na siku zitapita. Sikukuogopa wewe peke yako. Usijipatie kosa lote, utaninyima langu.

Nilienda kumuona Élie. Anatembea na fimbo, anatupa muguu inje kidogo. Muntu wa Goma alikuja, akaangalia, akamuchukua kijana mwingine, mwenye Élie alimufundisha kupiga mupira wa kona. Nilikaa pembeni yake. Yeye njo alianza. Unajua, dada, mbwa zangu zinavaa kamba za ngozi ku shingo, na kengele. Kila mvua ikipita, muwindaji anapitisha kidole kati ya kamba na shingo. Kidole kikipita, mbwa anapumua. Kisipopita, unalegeza. Nimefanya hivyo tangu utoto, hata gizani, hata nimelewa. Élie alikuwa ananifuata pori, alikuwa anaona. Akaniambia, "Mujomba, Polisi unamupimaga na kidole. Mimi ulinisahau."

Polisi ni mbwa wangu mukubwa.

Alisema akicheka, dada. Heri angenipiga na ile fimbo.

Nitakuja Masisi. Nitasimama. Lakini ninakuomba kitu kimoja: habari ya barua yako ya mwezi wa tatu usiitaje. Nami sitaitaja. Wewe unamaliza mwaka huu, cheti kiko karibu. Ekipe ya Muheto inakungojea. Muntu moja akianguka inatosha.

Isidore


Muheto, tarehe 28 Agosti 2022

Kaka Isidore,

Nimerudi Muheto na moyo wangu umebakia ku benchi la Masisi, mahali nilikaa wakati ulisimama.

Unakumbuka yote, lakini hukuona uso wangu, maana ulikuwa mbele. Wacha nikuambie kile niliona nyuma yako. Ulisema yote. Ulisema kamba, ulisema muto, ulisema mbwa. Mwenzetu Christian akapiga kelele kutoka nyuma, "Muwindaji, nenda funga mbwa zako!" na watu wakacheka, na Nadine akamuambia anyamaze. Kisha Papa Damascène akakuuliza, "Kwa nini hukumuandikia marraine wako?" Uliangalia dirisha. Ukasema, "Niliona haya." Kisha akageuka kwangu. "Marraine, uko na neno?"

Nikasema hapana.

Nilikuwa nimekuandikia nitasimama. Nikabakia nimekaa. Nilijiambia, ni Isidore mwenyewe aliomba. Nilijiambia, ni siri ya mwanafunzi wangu. Uongo unajua kuvaa nguo ya kanisa, kaka.

Kama ungenikasirikia inje, labda ningerudi Muheto na cheti. Lakini ulinipatia nusu ya ndizi yako ya kuchoma, ukasema, "Kula, dada, njia yako iko mbali." Hiyo ndizi njo ilinishinda. Nilitembea nayo mu mukono mpaka ikapoa, nikarudi kwa Papa Damascène. Alikuwa anaosha beseni za mafunzo. Nikamuambia kila kitu nikisimama: swali lako la mwezi wa tatu, jibu langu, na Tuyishime. Aliendelea kuosha mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Cheti chako kitakaa kwangu mwaka moja. Utarudilia kazi ya marraine." Nikamuuliza, na nani? "Na yule yule, kama atakukubali."

Basi hii barua ni ombi. Rosalie ananiambia unafikiri kuacha mafunzo. Sina haki ya kukuzuia. Ninakuomba tu, mbele ya kuacha, usikilize ya Jumapili iliyopita.

Nilienda kiwanja mbele ya mechi. Kawaida ninawaita vijana moja moja, ninaangalia miguu, ninawaombea, wanaingia. Nimefanya hivyo tangu nilipoanza na ekipe hii, na ningeapa mbele ya padri kwamba ku miguu ya vijana wangu hakuna kitu. Jumapili nilivua rozari ku mukono. Nikaitundika ku musumari wa nguzo ya goli, wote wakiona. Nikawaambia, "Hii ni yangu. Ninaipenda, mama yangu aliniachia. Lakini nikishika muguu wa muntu inanizuia kushika vizuri, kwa hiyo inangoja pale. Nani mwingine iko na kitu? Sitauliza ni cha nini."

Wakaangaliana. Nilisikia mbuzi za Epiphanie zikikohoa kule juu.

Wa kwanza kukaa chini na kuvua soksi alikuwa mutoto wa katekista wetu, ule anasomaga masomo ku misa. Uzi mweusi, umezunguka kifundo, umekaza mpaka umechora ngozi. Nyuma yake wengine wakaanza kuvua. Kaka, sikujua niangalie wapi. Miaka yote hii, mikono yangu ilikuwa ku miguu hiyo hiyo. Walikuwa wanavificha chini ya soksi, hawazivue nikiwapima, kwa sababu wanajua Mama Béata hapendi.

Damu ilipanda, sikudanganyi. Nilimuona Tuyishime. Nikangoja mpaka ishuke.

Kijana akaniuliza, "Mama, utamuambia baba?"

Nikamuambia, mambo ya muguu wako inabakia kwangu. Kisha nikamuuliza kama ninaweza kugusa. Akakubali. Nikajaribu kupitisha kidole kati ya uzi na ngozi, vile unafanyiaga Polisi. Hakikupita. Nikamuambia, "Nani alifunga?" Akasema bibi yake, na bibi yake alikuwa pale pale pembeni ya kiwanja, anauza karanga. Tukamuita. Mimi na yule bibi tulipiga magoti pamoja mu majani, yeye akalegeza kwa mukono wake, nami nikajaribu tena. Kikapita.

Akavaa kiatu, akaingia kucheza.

Niandikie, kaka. Kila kitu.

Marraine wako, kama bado unataka,
Béata